Saa ya Redio Ni ya Nani? Ardhi, Vinyungu na Muziki wa Kujitegemea Njombe na Makambako

Anayesafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam hawezi kuikwepa Makambako. Hapo barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na barabara ya Songea inayopita Njombe mjini, na hapo hapo reli ya TAZARA ina stesheni yake. Ukikaa nusu saa kwenye kibanda cha chai pembezoni mwa stendi utayaona malori ya mbao na nguzo za umeme yakitoka Njombe, malori ya viazi, na siku hizi shehena za parachichi. Kibanda chenyewe hakikosi redio. Mara ya mwisho nilipoketi hapo, redio moja ya mkoa ilikuwa katika kipindi cha mazingira. Afisa alieleza kwa dakika zipatazo 20 kwamba ni marufuku kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Alipomaliza, ukapigwa wimbo wa kijana wa huko huko, Kiswahili kikichanganyika na Kibena, na mama aliyekuwa akikaanga maandazi akaongeza sauti. Wakati wote wa afisa hakuwa ameigusa redio.

Sitaki kukifanya kisa hicho kidogo kuwa utafiti. Lakini kilinirudisha kwenye swali ambalo wanafunzi wangu huliona jepesi mpaka waanze kulijibu: saa ya redio ni mali ya nani? Tumezoea kuuliza nani anamiliki kituo. Hilo ni swali la leseni na hisa. Mimi nauliza nani anailipia saa, nani anaijaza, na nani anatakiwa kunyamaza ili saa hiyo ipite. Katika nyanda za Njombe, hifadhi ya ardhi na muziki wa vijana wasio na kampuni nyuma yao vimejikuta kwenye kituo kimoja, na historia iliyoviweka hapo ni moja.

Tuanze nyuma kidogo. Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, chini ya Waingereza. Katika miaka hiyo hiyo mabwana shamba wa kikoloni walikuwa wakizunguka vilimani wakihubiri hifadhi ya udongo. Kwa Watanganyika wengi maneno hayo yaliingia masikioni yakiwa amri: tengeneza matuta, na usipotengeneza utalipa faini. Huko Uluguru amri hiyo ilizaa ghasia mwaka 1955, na mpango mzima ukasambaratika. Somo ambalo wapigania uhuru walilichukua ni kwamba udongo ni siasa. Somo ambalo maofisa walilichukua, nadhani, ni kwamba mkulima anahitaji kuelimishwa zaidi.

Njombe ilikuwa na njia yake. Kwa serikali ya kikoloni wilaya hiyo ilikuwa kwanza hazina ya nguvukazi, na Wabena na Wakinga kwa maelfu walikwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watu wa Njombe katika karne ya ishirini, anaonyesha jinsi familia zilivyojijengea kimbilio pembeni ya dola iliyowatenga. Kisha, mwaka 1949, ikaja kampuni ya miwati, Tanganyika Wattle Company, iliyoanzishwa na shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza. Magome ya miwati yalitoa dawa ya kutengenezea ngozi. Vilima ambavyo vilikuwa malisho na mashamba vikavaa miti ya mistari, na mkulima mdogo naye akajifunza kuotesha miwati nyuma ya nyumba yake, akauza magome na kuchoma mkaa. Nataja jambo hili mapema kwa sababu mtu wa mijini akisikia kwamba watu wa Njombe wanahimizwa kupanda miti hudhani ni jambo jipya. Wamehimizwa kwa zaidi ya miaka 70. Walianza na miwati, ikaja misindano, ikaja milingoti, na sasa parachichi. Kila mti ulikuja na wasemaji wake, na kila mti ulibadilisha nani ana haki ya kusimama wapi.

Baada ya uhuru redio ikawa ya taifa, na kuanzia mwaka 1965 ikajulikana kama Radio Tanzania Dar es Salaam. Hakukuwa na redio nyingine Tanzania Bara hadi miaka ya 1990. Vijana wa leo huikumbuka enzi hiyo kwa dhihaka, sauti moja na chama kimoja, na dhihaka hiyo ina msingi wake. Hata hivyo nawaomba waitazame vizuri zaidi kampeni ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo ilihusisha watu wapatao milioni 2, na ile ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Hizi hazikuwa tangazo la dakika moja katikati ya nyimbo. Watu waliunda vikundi vya kusikiliza, wakakaa chini ya mti au darasani wakiwa na redio moja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadili na kukubaliana watafanya nini: kuchimba vyoo, kuotesha miche, kuzuia moto kichaa. Kiongozi wa kikundi alikuwa ameandaliwa kwa kazi hiyo.

Ujumbe ulitoka juu, hilo halina ubishi, na miaka michache kabla ya hapo dola hiyo hiyo ilikuwa imewahamisha watu kwa nguvu kwenda vijijini. Lakini ndani ya muundo wa kampeni kulikuwa na nafasi iliyotengwa kwa ajili ya msikilizaji kuzungumza na jirani yake. Kipindi kilipokwisha kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Leo tuna vituo vingi kuliko wakati wowote katika historia yetu, na nafasi hiyo imebaki kuwa simu ya sekunde 30 ambayo mtangazaji huikata kwa heshima: “Tumekupata mpendwa msikilizaji, asante sana.”

Kwenye muziki mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa namna nyingine. Bendi zilikuwa za vyombo: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na nyingine za jeshi, polisi na mashirika ya umma. Studio ya kurekodia iliyotegemewa ilikuwa ya redio yenyewe. Mashairi yalipitiwa kwanza. Bendi ililipwa kidogo kwa kurekodi, kisha wimbo ukapigwa miaka na miaka bila mirabaha, na mwanamuziki akategemea kiingilio cha ukumbini na mshahara wa shirika lake. Taifa lilihubiri kujitegemea, na wanamuziki wake walimtegemea mwajiri mmoja. Lakini, na hili nitalirudia baadaye, kanda zilitunzwa.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilivunja ukiritimba huo. Radio One ikaanza mwaka 1994, vituo vingine vya Dar es Salaam vikafuata, na kizazi cha bongo fleva kikapata masikio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na chini yake ikaundwa COSOTA, ili anayepiga wimbo hewani amlipe aliyeutunga. Mamlaka ya Mawasiliano ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na leseni zikaanza kugawanywa kwa ngazi, kuanzia taifa mpaka wilaya. Redio ndogo zikaota mikoani. Watu wanaosoma historia ya redio za jamii huanzia Terrat, Simanjiro, ambako wafugaji wa Kimasai walianzisha kituo cha Orkonerei mwanzoni mwa miaka ya 2000. Redio hiyo ilitoka katika mapambano ya ardhi, na wafugaji hawakuifanya siri. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa hadi ilipokuwa mkoa mwaka 2012, ilipata vituo vyake: Uplands FM na Kings FM mjini Njombe, Ice FM Makambako, na vingine Makete na Ludewa. Si vyote ni redio za jamii kwa tafsiri ya leseni. Kwa msikilizaji wa Wanging'ombe tofauti hiyo haina uzito. Kwake ni redio ya hapa, inayotangaza msiba wa hapa na bei ya viazi ya hapa.

Sasa tufike bondeni. Mgeni asiyejua Njombe na Iringa nimweleze kinyungu. Ni bustani inayolimwa kwenye unyevu wa bonde wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekatika na mlimani hakuna kitu. Huko ndiko yanakotoka mahindi mabichi ya Oktoba, maharage, mboga, na kwa nyumba nyingi ada ya shule. Wanaoviinamia vinyungu, mara nyingi, ni akina mama. Mabonde hayo hayo yanalisha mito inayoshuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa ya Ruaha. Lawama ya kukauka huko imehama kama mpira. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu na Usangu. Wakulima wa mpunga wakanyooshewa kidole. Mwaka 2017 serikali ilipounda kikosi kazi cha kitaifa cha kunusuru Ruaha Mkuu, macho yalipanda mlimani na amri dhidi ya vinyungu zikapamba moto.

Amri hizo huegemea kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ndiyo mita 60 za yule afisa wa Makambako. Ninawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wakifungue kifungu hicho upya. Kinakataza shughuli za kibinadamu zenye sura ya kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya umbali huo. Je, kinyungu kinacholimwa kwa jembe la mkono kuanzia Juni na kuachwa mvua zikianza ni shughuli ya kudumu? Kinaathiri kiasi gani, na kwa kulinganisha na nini? Labda jibu ni kwamba kinaathiri, na kwamba baadhi ya mabonde yafungwe. Mimi si mpinzani wa mita 60. Nimeona chemchemi zilizokufa. Ninachosema ni kwamba sheria yenyewe inauliza swali, na redio inatangaza jibu.

Na kuna mti. Mlingoti uliopandwa bondeni nao unakunywa, tena mwaka mzima, na ukishapandwa haung'oki Novemba. Halmashauri za nyanda za juu zimekuwa zikihimiza uondolewe kwenye vyanzo vya maji. Lakini mwenye milingoti ni mtu wa namna gani? Tangu miaka ya 1990 biashara ya mbao imepanda, na ardhi ya vijiji vingi imepita mikononi mwa watu wa mijini ambao shamba lao hulitembelea mara moja kwa mwaka. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza mwaka 2014 kwa fedha za Finland na kuwa na makao yake Njombe, ilikusudia kuwaunganisha wakulima wadogo ili nao wanufaike, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mwenye ekari 200 za misindano na mwenye robo ekari ya kinyungu hawasikilizi tangazo moja kwa masikio yanayofanana. Wa kwanza anaambiwa apande zaidi. Wa pili anaambiwa atoke.

Kwa nini basi kipindi cha mazingira hakimwiti mama wa kinyungu studioni? Wanafunzi hupenda kujibu “woga” au “rushwa”. Mara nyingi jibu ni ankara ya umeme. Kituo kidogo kinalipa leseni, kinalipa umeme wa mtambo, kinalipa fundi wa mnara radi inapopiga, na Njombe radi hupiga kweli. Watangazaji wengi ni vijana wanaojitolea au wanaopewa nauli. Wafanyabiashara wa mji mdogo wana matangazo machache. Waliobaki ni halmashauri na miradi, na hao hununua saa. Kipindi cha hifadhi kikinunuliwa kwa miezi sita, kinakuja na mada, na mada inakuja na msemaji. Mradi ukifungwa, kipindi kinafungwa. Miaka ya 1990 mkoa wa Iringa, Njombe na Makete zikiwemo, ulikuwa na mradi mkubwa wa Hifadhi Mazingira, HIMA, uliofadhiliwa na Denmark. Ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari yaliondoka, na chemchemi zilibaki pale pale zikisubiri mradi mwingine wenye jina jingine.

Saa zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hujazwa na muziki. Hapa ndipo mwanamuziki wa Makambako anapoingia, na flashi yake mfukoni. Amerekodi kwenye chumba chenye magodoro ukutani, amemlipa prodyuza kwa pesa ya kubeba mbao au ya bodaboda. Tumwite mwanamuziki wa kujitegemea, kwa maana ile ya mwaka 1967 bila ruzuku ya mwaka 1967. Anaupeleka wimbo kituoni, anaomba upigwe, wakati mwingine anaacha “ya soda”. Kisheria kituo ndicho kinachodaiwa. Kiuhalisia kijana anaona amefanyiwa hisani. Wimbo wake ukipigwa mara 40 kwa mwezi umejaza saa mbili za matangazo bila gharama, na saa hizo mbili ndizo zilizomfanya msikilizaji asizime redio mpaka kipindi cha halmashauri kilipofika. Kwa hiyo yupo mlipaji wa tatu wa uhifadhi wa mazingira Njombe, ambaye jina lake haliko kwenye bango la mradi wowote.

Siwalaumu wenye vituo peke yao. Ukiidai redio ya wilaya mirabaha sawasawa na redio ya Dar es Salaam, utaizima. COSOTA iligawa mirabaha kwa wanamuziki mwaka 2022, na hiyo bado ni hatua. Lakini orodha ya nyimbo zilizopigwa Makambako inaandikwa na nani? Kama haiandikwi, fedha hata zikikusanywa zitafuata majina yanayojulikana tayari.

Liko jambo jingine ambalo huniuma zaidi kuliko fedha, nalo ni lugha. Kanuni zetu za utangazaji zinataka vipindi viendeshwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine kwa idhini. Sababu yake naielewa, hasa nikikumbuka yaliyotokea Rwanda mwaka 1994. Matokeo yake kwa mambo ya ardhi ni haya: mama anayeijua aina ya udongo kwa kuugusa, anayejua mti upi wa asili unashikilia maji na upi unayafukuza, analijua hilo kwa Kibena au Kikinga. Akipewa kipaza sauti anatakiwa aseme kwa lugha ya semina: vyanzo vya maji, uhifadhi shirikishi, mabadiliko ya tabianchi. Anasema maneno matatu na kumrudishia mtangazaji. Hata neno kinyungu, ambalo ofisi zimelichukua kutoka kwake, linarudi kwake kupitia redio likiwa jina la kosa.

Katika hali hiyo mlango uliobaki ni wimbo. Kibeti cha Kibena kikipita ndani ya bongo fleva hakuna anayeuliza idhini. Ndani ya nyimbo za vijana hawa, na kwaya za vijijini kabla yao, majina ya mabonde, ya mito, ya miezi ya njaa na ya mazao bado yanatamkwa kwa lugha yake. Si kwamba wanaimba uhifadhi; wengi wanaimba mapenzi na shida ya nauli. Lakini anayemwambia mpenzi wake wakutane kwenye bonde fulani ametuachia jina la bonde, na kesho bonde hilo likiwa shamba la milingoti la mtu wa Dar es Salaam, jina litakuwa ushahidi kwamba palikuwa na watu.

Ndiyo maana nilisema nitarudi kwenye kanda. Radio Tanzania, pamoja na madhambi yake yote, iliweka kumbukumbu: muziki wa dansi, ngoma za mikoani, hotuba. Mtafiti wa leo anaweza kuusikia mwaka 1975. Kituo kidogo cha leo hurekodi kwenye kompyuta moja, na ikijaa, vya zamani vinafutwa. Taarifa ya mradi wa mazingira itabaki kwenye kabati la halmashauri ikieleza vipindi vingapi vilirushwa. Simu ya mkulima aliyepinga itakuwa imefutwa, na wimbo uliofuata umefutwa nao.

Muhula ujao nitawatuma wanafunzi wanne Njombe na Makambako wakiwa na diski mbili za kuhifadhia. Hawatakwenda kuhoji wakurugenzi. Watawaomba watangazaji wa zamu ruhusa ya kunakili walichonacho kabla hakijafutwa: nyimbo za flashi pamoja na jina la aliyezileta, na simu zote zilizowahi kupigwa kuhusu vinyungu, hata zile zilizokatwa katikati. Atakayekuwa na kanda au kadi ya kumbukumbu ya zamani, awe mtangazaji, mwanakwaya au bwana shamba mstaafu, aniandikie. Na kama yupo mtumishi wa halmashauri anayepanga bajeti ya vipindi vya mazingira, ningependa kujua kama iliwahi kujadiliwa, katika kikao chochote, kwamba mama wa kinyungu apewe dakika 20 na afisa asikilize.